Mkono Ulioacha Waya

Dawa ya Dalmas kwa mtambo wowote mgonjwa ilikuwa moja: zima, washa. Kwa dawa hiyo alikuwa ameuguza intaneti ya Ruiru miaka sita, akajiona daktari kamili.

Jumamosi hiyo swichi ya mtandao, kisanduku cha kugawa intaneti katika ghorofa moja ya wapangaji huko Kiuu, ilikataa kumfungulia. Aliunganisha laptopu, akabonyeza, akangoja. Kimya. Mkono wake ukaenda kwenye waya wa umeme.

"Wacha hiyo waya," akasema Mbula, mwenzake kutoka ofisi ya Thika. "Zile setingi za Alhamisi ulisevu?"

Mkono ukaganda. Alhamisi alizipanga vizuri, kisha njaa ikamwita kwenye chapati, akaondoka bila kusevu. Swichi ikizimwa ingeamka imezisahau zote, na jengo zima lingekaa bila mtandao hadi jioni. Na asubuhi hiyo Nafuna wa ghorofa ya tatu alikuwa amewapigia simu kuwasihi wasikate: alikuwa amefanyiwa upasuaji, daktari akamkataza safari, na mamake alikuwa akizikwa Bungoma. Mazishi angeyaona kwa simu tu.

"Lakini si imekufa?" akauliza Dalmas.

"Cheki taa."

Taa za kijani zilikuwa zikipepesa kwa kasi. Mbula akamweleza kwamba aliyeganda ni prosesa, bosi wa kupokea amri, na bosi habebi mizigo. Mbebaji ni chipu nyingine, iliyoundwa kwa kazi hiyo tu: pakiti ya data ikiingia, inasoma anwani, inatazama kwenye jedwali mlango wa kuitolea, inaisukuma. Haimwulizi bosi. Na jedwali lilishaandikwa tangu Alhamisi.

"So tunado nini?"

"Tunakaa."

Wakakaa juu ya ndoo za rangi. Dalmas akaandika setingi zake kwenye kipande cha katoni, moja baada ya nyingine, aziingize upya mazishi yakiisha, na kila taa iliposita aliomba, yeye ambaye kanisani huenda Krismasi tu. Saa nane wakasikia kutoka juu wimbo wa kuaga, na sauti ya Nafuna ikiufuata kwa kilio.

Baadaye Nafuna alishuka polepole akishika ukuta.

"Nimemuona mama mpaka udongo wa mwisho. Haikukatika hata mara moja. Asanteni sana."

Dalmas alijaa shukrani mpaka uongo ukakosa nafasi. "Dada, mimi nilikuwa karibu kuizima. Makosa ni yangu."

"Lakini hukuzima," akasema Nafuna, akamshika mkono uleule.