Bomba la Kichochoroni

Mafundi walimwita Pimamaji, kama kile kifaa chao cha kupimia unyoofu, kwa sababu hakuna ukuta uliopinda uliowahi kupita mbele ya macho yake ukasalimika. Alikuwa mhandisi wa majengo wa chuo kikuu, na mwaka mzima alikuwa na kazi moja iliyomkalia kooni: kuandaa chumba cha sumaku.

Sumaku yenyewe ilikuwa ya dada yake. Dada wa tumbo moja, profesa wa kemia, ambaye alianza kuiomba mashine hiyo nywele zake zikiwa bado nyeusi. Kwa kuitumia angeweza kuchungulia ndani ya dawa za homa na kujua kwa nini zinaacha kufanya kazi. Ilikuwa pipa kubwa la chuma, refu kumpita mtu, na tumboni mwake ilibeba gesi ya heli iliyopozwa hadi ikawa kimiminika. Pimamaji alivunja sakafu ya zamani akamwaga zege nene lisilotikisika. Akahamisha nyaya za umeme wa lifti. Na juu ya yote akachora bomba la dharura, maana sumaku ya namna ile ikipata joto ghafla, heli yote hugeuka gesi kwa mkupuo mmoja, na gesi hiyo hufukuza hewa popote inapokwenda. Bomba lilitakiwa kupanda wima, kupitia ghorofa ya juu, mpaka nje ya paa.

Kisha mama yao akaugua. Pimamaji, ambaye hakuwa na watoto wadogo wa kumzuia, akaomba ruhusa akaenda kumuuguza. Aliporudi kazini ilikuwa ndiyo asubuhi ya kufika kwa lori la sumaku.

Alipita chumbani kwanza, kabla hata ya kuweka mkoba chini. Sakafu safi, mlango safi. Akainua macho kulifuata bomba. Bomba halikupanda. Lilikuwa limekatwa chini ya dari, likakunjwa, likapitishwa kwenye tundu lililotobolewa ukutani.

Akatoka mbio kuzunguka jengo. Tundu lilitokea kwenye kichochoro kati ya jengo la kemia na maktaba, pale palipoezekwa bati, palipo na duka la fotokopi. Wanafunzi walikuwa wamepanga foleni, wengine wamekaa kwenye ngazi wakisoma. Mdomo wa bomba ulikuwa juu ya vichwa vyao.

"Usinitazame hivyo," mkandarasi wa jengo alisema, Pimamaji alipomkuta hapo. "Mimi natumwa tu. Mkuu wa Kitivo alisema bomba halitapita kwenye ukumbi wake mpya wa mikutano kule juu."

"Na wewe ukakubali?"

"Mwenye nyumba akisema choo kiwe sebuleni, fundi atafanyaje?"

Huko nje honi ililia. Lori lilikuwa linaingia uani, kreni nyuma yake, na Dada akitembea kando kama anayemsindikiza bibi harusi. Alikuwa amevaa gauni lake la sikukuu. Alipomwona mdogo wake akakunjua mikono.

"Pima! Njoo uone! Mama anaendeleaje?"

"Mama hajambo. Dada, chumba sikikabidhi."

Ile mikono ikabaki hewani.

Fundi wa kiwandani aliyekuja na mashine, mtu mwembamba mwenye haya, alisikia, akawapungia mkono watu wa kreni wasimame. Kiwanda chake hakiruhusu mashine kuingia chumba ambacho mhandisi hajakikabidhi. Haukupita muda Mkuu wa Kitivo akashuka ngazi, tai imemkaa shingoni sawasawa.

"Kuna nini tena?"

Pimamaji akaeleza. Mkuu akasikiliza huku akitazama saa.

"Mashine kama hizi ziko dunia nzima," akasema. "Umewahi kusikia moja imelipuka?"

"Hazilipuki, Mkuu. Zinapumua. Na hii itapumulia watoto wa watu."

"Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, mhandisi."

"Hapa atakayevunjika siye asiyesikia. Ni yule aliyesimama foleni ya fotokopi."

Mmoja wa watu wa kreni akacheka, akajifanya anakohoa. Mkuu hakucheka. Alisema angeleta mhandisi mwingine mchana uleule, na huyu aende akapumzike, kwani ni wazi uuguzi umemchosha.

Dada akamshika Pimamaji mkono, akamvuta hadi nyuma ya lori. Vidole vyake vilikuwa vya baridi.

"Mdogo wangu, unanifanyia nini? Unajua nimeisubiri hii tangu lini? Leo nimeshindwa hata kunywa chai. Ile gesi inavuja kidogo kidogo, kila saa ikikaa juani inapungua. Wacha iingie, bomba mtarekebisha baadaye."

"Baadaye ya nani?"

"Nimekubeba mgongoni mimi!"

"Najua, Dada." Alitaka kusema mengi, hesabu na vipimo, lakini aliona macho ya dada yake yamejaa, akaona mengi hayatasaidia. "Mkemia ni wewe. Hebu niambie. Gesi yote ikitokea pale chini ya bati, wale watakuwa na hali gani?"

Dada akageuza uso.

"Watasinzia," akasema mwishowe, polepole. "Hawatanusa kitu. Hawatajua hata kwamba wakimbie."

"Ulijua bomba limehamishwa?"

"Niliambiwa. Sikwenda kuangalia." Akafuta macho kwa kiganja. "Sikutaka kuangalia, Pima."

Pimamaji alikasirika mpaka masikio yakawaka, na papo hapo alimhurumia, na hisia hizo mbili zilikataa kupatana.

Waliporudi, Mkuu alikuwa na simu sikioni. Dada alisimama mbele yake mpaka akaishusha.

"Bomba lipite ukumbini kwako, Mkuu."

"Labda mnizike kwanza."

"Basi lipite nje," Pimamaji akadakia. "Lipande na ukuta mpaka juu ya paa. Kwa kuwa litakuwa na kona, lazima liwe pana zaidi ya hili, la sivyo gesi itakabwa. Tutalichomelea hapa hapa karakanani. Leo hatumalizi. Kesho, tukijaliwa."

Mkuu akaitia simu mfukoni, maana ukumbi wake ulikuwa umesalimika, na wote wakamgeukia fundi wa kiwandani. Akakuna kichwa.

"Tutaifunika turubai. Lakini siahidi kitu. Ikikaa nje mpaka kesho itapoteza baridi nyingi, na sumaku iliyopungukiwa heli huwa na hasira."

Sasa neno lilibaki kwa Dada, na kila mtu alilijua hilo. Alilitazama sanduku la mbao lililobeba mashine juu ya lori. Akaweka kiganja juu ya mbao zake.

"Ngojeni," akasema. "Jengeni bomba."

Walijenga. Pimamaji mwenyewe alipanda jukwaa akashika mabati ya bomba huku cheche za kuchomelea zikimrukia viatuni. Kesho yake bomba lilikuwa limesimama ukutani, baya kama shingo ya mbuni, na mashine ikaingizwa.

Siku ya kuiwasha, watu wote walitolewa chumbani isipokuwa fundi. Dada, Mkuu na Pimamaji walitazama kupitia kioo. Sindano ya kipimo ilipanda taratibu. Dada alikuwa akichezesha midomo bila sauti. Sindano ikavuka nusu, ikasogea, ikasogea tena.

Kisha ikaanguka.

Kengele ikalia, fundi akatoka mbio, na ukutani kukapita mngurumo kama wa treni. Vioo vikatetemeka. Pimamaji akakimbilia nje roho mkononi, akatazama juu. Kutoka kwenye ile shingo ya mbuni wingu jeupe lilikuwa likimwagika angani, juu ya paa, juu ya miti, likipeperuka. Kichochoroni wanafunzi walikuwa wamesimama wakiangalia juu, karatasi mkononi. Mmoja alipiga mluzi.

Hakuna aliyeumia. Lakini heli yote ilikuwa imekwenda, na heli haiuzwi dukani. Ingepaswa kuagizwa ng'ambo na kusubiriwa miezi.

"Ni kwa sababu ilikaa juani?" Pimamaji alimuuliza fundi. Ilimbidi aulize.

"Huenda. Na huenda ingegoma hata ingeingia siku ileile. Mpya nyingi hugoma mara ya kwanza." Akainua mabega. "Hakuna atakayejua."

Mkuu alikwenda kichochoroni peke yake. Akalitazama lile tundu la zamani, lililozibwa kwa saruji iliyokuwa bado mbichi, akakaa pale muda mrefu. Aliporudi, alipofika kwa Pimamaji alivua miwani akaipangusa, akainamisha kichwa, akaenda zake.

Dada alikuwa ameketi sakafuni koridoni, gauni limejaa vumbi. Pimamaji akakaa kando yake.

"Nina hasira na wewe," Dada akasema.

"Najua."

"Na ninamshukuru Mungu kwa ajili yako. Usiniulize vinakaaje pamoja."

"Sikuulizi."

Baadaye Dada akasimama, akamwambia amsaidie kuandika barua ya kuagiza heli nyingine.

Heli ilifika mvua zikiwa zimekwisha. Safari hii sindano ilipanda hadi juu, ikatulia hapo.