Plasta Juu ya Jina

Bosi wetu, daktari wa meno mwenye mdomo mchafu, hutuamuru tuzibe jina kwenye kila picha ya eksirei kwa plasta, ati tutazame taya, tusitazame mtu. Mgonjwa akiomba vidonge badala ya kisu, humcheka mbele ya watu.

Leo alitukuta tumeukodolea macho uvimbe wa ajabu kwenye picha moja, umejaa maji, umejibanza chini ya gego la mwisho.

"Mnaremba nini? Apasuliwe leo leo! Huyu mzembe alikuwa wapi siku zote?"

"Alikuwa hapa hapa, bosi," nikasema, nikabandua plasta. Ilikuwa picha tuliyompiga yeye mwenyewe juzi, tukijaribu mashine mpya.

Akajishika shavu. "Kwani," akanong'ona, "hakuna vidonge?"