Wajumbe wa Maziwa

Nilikuwa na miaka thelathini na tisa nilipoamua kurudia mtihani wa kidato cha nne, na sikutaka huruma ya mtu. Kwa miaka kumi nilikuwa msaidizi wa mwalimu wa chekechea hapa Timau, na mwaka huo mwalimu mkuu alituambia wazi: asiye na alama ya C ya kuingia chuo cha ualimu atafute kazi nyingine. Masomo mengine niliyamudu. Historia na Serikali ndiyo iliyonikaba koo, hasa ile mada ya uchaguzi wa Marekani.

Katika mtihani wa majaribio niliandika kwa mbwembwe kwamba rais wa Marekani lazima apate zaidi ya nusu ya kura zote, pamoja na asilimia ishirini na tano katika kaunti ishirini na nne. Nilipata sufuri. Nilikuwa nimemwapisha rais wa Kenya kule Washington! Asubuhi iliyofuata nilipeleka maziwa kwenye kituo cha ushirika wetu nikiwa bado nimevimba kwa hasira.

Anayepokea maziwa pale ni Wambeti, mwanamke wa rika langu, aliyetoka joto la Ishiara akaolewa huku kwenye baridi. Shule aliiachia darasa la saba.

“Mama Kaari, nani amekukosea mapema hivi?”

“Wamarekani,” nilimjibu.

Alicheka, akaniambia nimweleze. Nilimweleza kwa dharau kidogo, nakiri. Kuna vyama viwili vikubwa, nilisema, na kila kimoja huchagua mgombea wake jimbo baada ya jimbo, kisha humtangaza kwenye mkutano mkuu. Hapo sina shida. Lakini Novemba wananchi wakipiga kura, kumbe wanachagua wajumbe mia tano thelathini na wanane, na hao ndio humchagua rais. Anayefikisha mia mbili sabini ameshinda, hata kama mwenzake alipata kura nyingi zaidi nchi nzima.

“Mwenye watu wengi anashindwaje?” nilifoka.

Wambeti aliweka kipimo chake chini. “Si ni wewe ulipiga kelele hapa mwaka jana ati tumeibiwa kura?”

Ushirika wetu wa maziwa una maeneo matano, na kila eneo hupewa wajumbe wa kumchagua mwenyekiti kulingana na wingi wa wafugaji wake. Desturi yetu ni kwamba anayeongoza katika eneo anabeba wajumbe wote wa pale. Katika uchaguzi wa mwaka jana mimi nilikuwa upande wa Mutwiri, na katika eneo letu karibu sote tulimpigia kura. Mpinzani wake, Riungu, aliongoza katika yale mengine manne kwa watu wachache wachache, akawa mwenyekiti.

“Mutwiri wenu alikuwa na watu wengi kushinda Riungu, ama?”

“Alikuwa nao.”

“Lakini wote walikuwa wamejaa hapa kwetu. Na sisi wajumbe wetu ni saba tu, hata tungempigia mara mia. Riungu akabeba kumi na nne. Sasa hiyo Marekani yako iko na tofauti gani na sisi?”

Haikuwa na tofauti. Kila jimbo la Marekani lina wajumbe kulingana na idadi ya wabunge na maseneta wake, na anayeongoza anawachukua wote, isipokuwa Maine na Nebraska. Kumbe nililijua jambo lile kwa uchungu mwaka mzima.

Mtihani ulipokuja, swali lilikuwepo. Niliandika hadi mkono ukauma. Nikapata C. Si ya kujisifia, lakini ni yangu, na ninamshukuru Mungu, na baada ya Mungu ninamshukuru Wambeti.

Fomu ya chuo ilitaka wadhamini wawili. Mwalimu mkuu alitia sahihi ya kwanza. Ya pili ilikuwa ya mwalimu wa somo, nami niliipeleka fomu kituoni kwa Wambeti.

“Mimi si mwalimu,” Wambeti alisema. “Watakurudishia hii karatasi.”

“Wairudishe. Nitawaletea nyingine yenye jina lako.”

Alijifuta mikono kwenye aproni mara mbili, kisha akaandika jina lake polepole, watu wa foleni wakimngoja na mitungi yao. Kwenye nafasi ya kazi aliandika karani wa maziwa. Alipofika kwenye nafasi ya somo, aliinua macho akaniangalia.

“Historia na Serikali,” nilimwambia, naye akaandika hivyo.