Mzigo wa Mzee Rweyemamu

Nyumbani kwetu Kiseke kiberiti kilikuwa kinakaa mfukoni mwa mume wangu. Ukitaka kuwasha moto unamwomba, anakutolea njiti moja, na upepo ukiizima unachukua kigae unakwenda kwa jirani kuomba kaa la moto. Majani ya chai tulikuwa tunayaanika juani baada ya kuyachemsha, halafu tunayachemsha tena. Betri za redio nazo zilianikwa kwenye sinia hilohilo. Obedi alikuwa anasoma zamu ya asubuhi na Evelina zamu ya mchana, basi viatu vya shule vilikuwa jozi moja. Mmoja akirudi anavua mlangoni, mwingine anavaa vikiwa bado na joto. Samaki tulikula, maana tunaishi Mwanza, lakini minofu ilikuwa inapanda ndege kwenda Ulaya. Sisi tulinunua mapanki, kichwa na mifupa ya sangara inayobaki viwandani.

Sisemi haya kulalamika. Miaka ile ya tisini kila nyumba ilikuwa imefunga mkanda. Mashirika yalikuwa yanapunguza watu, maduka yamejaa vitu na mifuko haina kitu. Osward, mume wangu, naye alipunguzwa kazi yake ya kutunza stoo. Tofauti ni kwamba wenzetu walibana kwa sababu hawakuwa nacho, wakati Osward alikuwa na kiinua mgongo chake benki na hajakigusa. Majirani walimwita mkono wa birika. Alikuwa anacheka, akidhani wanamsifu.

Mimi ni Msukuma wa Kisesa, kule karibu na Bujora. Kwetu mgonjwa akija unachinja kuku. Baba mkwe wangu, Mzee Rweyemamu, alipokuja kutoka Bukoba kutibiwa tumbo, Osward aliniambia kwamba wagonjwa wa tumbo hawaruhusiwi kula kuku.

Mzee alikaa kwetu masika yote. Mimi ndiye niliyekuwa namwogesha, nafua mashuka yake kwa vipande vya sabuni vilivyogandishwa pamoja, namsikiliza akikohoa. Alikuwa mrefu, mkavu, hatoki hata uani bila kanzu na koti. Miaka ya nyuma kila alipotutembelea alikuja na mikungu ya ndizi na kahawa ya kutafuna, na kila mara Osward aliiuza ile mikungu stendi ya Buzuruga kabla watoto hawajaonja. Mzee alijua. Alikuwa ananiambia, "Huyu mtoto ana akili ya biashara," na uso wake unang'aa kabisa. Alimpenda Osward. Ni kifungua mimba wake, na kwa Wahaya huyo ndiye mrithi mkuu, anayeachiwa nyumba ya baba na kibanja, yaani shamba la migomba lenye makaburi ya ukoo.

Siku moja daktari alimwita Osward pembeni, akamwambia ugonjwa umeenea, hakuna cha kufanya tena, ni vizuri mzee akakae na watu wake. Osward alirudi nyumbani akakaa kwenye kigoda jikoni, mahali ambapo huwa hakai.

"Mama Obedi," akasema, "abiria wa daraja la tatu analipa nauli ya abiria. Maiti ana bei yake."

"Maiti gani?"

"Sikiliza kwanza. Akifia hapa, kuna vibali, kuna gari mpaka bandarini, kuna bei ya maiti kwenye meli. Na hawa majirani watakaa matanga hapa uani, watakunywa chai yetu. Akifia kule, atakuwa amejisafirisha mwenyewe."

Nilimwangalia. Nilitafuta usoni kwake kitu kinachofanana na huzuni, nikaona mtu anayepiga hesabu na hesabu inakubali.

"Huyo ni baba yako," nikasema.

"Ndiyo maana nampeleka kwao. Ningekuwa mtoto mbaya ningemzika hapa Mwanza."

Mzee alipoambiwa kwamba anarudi nyumbani alifurahi mpaka akala. Alidhani daktari amemruhusu. Aliniomba nimpigie koti pasi, nikamkunjia vizuri nikaliweka chini ya godoro, maana mkaa wa pasi ulikuwa haupatikani bila maombi.

Ningependa kusema mambo yaliishia hapo. Lakini Osward alikuwa amesikia kwamba Bukoba masanduku ya kuzikia yamepanda bei. Ukimwi ulikuwa unafagia watu kule, na mafundi wameshajua kwamba mteja wao habishani. Mwanza yupo Nkwabi, seremala wa Buzuruga, ambaye alinunua makasha yaliyoleta mashine za viwanda vya samaki na alikuwa anayapasua mbao. Osward akaona ni dhambi kuiacha nafasi kama hiyo.

Nilikwenda naye kwa Nkwabi kwa sababu ilibidi mtu abebe mbao za kuongezea, na kichwa changu hakilipwi. Nkwabi akauliza vipimo vya marehemu. Hapo hata Osward aliona haya kidogo. Huwezi kuingia na futi ya fundi kwenye chumba cha mtu anayekunywa uji.

"Mimi na yeye tuko sawa," akasema, akavua viatu, akalala chali juu ya mbao.

"Tulia, bosi, nisije nikakufupisha," Nkwabi akamtania. Akapiga mstari wa penseli utosini, akapiga mwingine kwenye visigino. Osward akainuka akijifuta vumbi la mbao, ameridhika, hata kupunguziwa bei tena akapunguziwa.

Na kwa kuwa sanduku tupu lisingeweza kusafiri bure bila faida, alilijaza miche ya sabuni, chumvi na viberiti vya kwenda kuuza. Sabuni ile niliitazama sana. Nilikuwa nimefua mashuka ya mzee kwa makombo masika yote.

Tulifika bandarini mchana. Mzee alikaa juu ya furushi la nguo, koti limenyooka, anawasalimia watu. Sanduku lilikuja kwa mkokoteni kutoka kwa Nkwabi, limefunikwa turubai. Karani wa mizigo alilizunguka mara moja, akalifunua.

"Maiti ni ya nani?" akauliza.

"Hakuna maiti," Osward akajibu. "Ni sanduku tu. Lina bidhaa."

"Sanduku la aina hii linapanda kwa bei ya maiti."

Osward akafungua kifuniko. Watu wa foleni wakasogea, wakaona sabuni, wakaona viberiti, wakacheka.

"Sasa mwenyewe yuko wapi?" karani akauliza, naye anacheka.

 Macho ya Osward yalikwenda yenyewe upande aliokaa baba yake. Karani akayafuata, nasi sote tukayafuata, kicheko kikakatika. Mzee alikuwa ameshasimama. Alikuja polepole akiwa ameshika bega la Obedi, maana tulikuwa tumekuja na watoto kumuaga. Akaliangalia lile sanduku kutoka mwanzo mpaka mwisho.

"Osward. Hili ni la nani?"

"Baba, kule bei ni mbaya sana," mume wangu akasema.

Hilo ndilo neno lake. Nilisubiri lingine lifuate, pole, au uongo, hata uongo ungesaidia. Nilitamani ardhi ya bandari ipasuke.

"Walinipima lini?"

"Hawakukupima. Nililala mimi. Tuko sawa."

Mzee akamtazama utosini, akashuka mpaka miguuni, akarudi usoni. "Kweli," akasema, "tuko sawa." Kisha akamgeukia karani kwa adabu yake yote. "Mwanangu, abiria ana haki ya mzigo wake?"

"Anayo, mzee."

"Basi huu ni mzigo wangu. Andika jina langu."

Karani akaandika Rweyemamu kwenye kikaratasi, akakifunga kwenye sanduku, hakudai kitu. Pengine aliona aibu kudai. Osward alinikonyeza. Aliamini baba yake amemsaidia kukwepa bei ya maiti, na katika ndoa yetu yote sijawahi kumwona akiwa na furaha namna ile.

Nilisafiri nao, maana mgonjwa anahitaji mtu wa kumwogesha. Tulikaa daraja la tatu, mzee ameegemea sanduku lake. Mpaka Bukoba hakumsemesha mtoto wake. Kila Osward alipompa maji, alingoja niyachukue mimi ndipo ayapokee mkononi mwangu.

Nyumbani kwao watu walishajaa, kwa kuwa Osward alikuwa ametuma salamu kwamba baba anakuja kufa. Antoni, mdogo wake, alitupokea na machela. Huyu Antoni hana kitu, amebaki kijijini anapalilia migomba ya baba yake na kumlisha marehemu mama yao mpaka siku ya mwisho. Mzee alikataa machela. Aliingia kwa miguu yake, akakaa kwenye nyasi zilizotandikwa, akaagiza wazee wa ukoo waje kesho yake kusikia wosia.

Walikuja, na majirani wakajaa mpaka nje. Mzee akamwagiza Antoni aingize sanduku. Wanawake wengine waliziba midomo.

"Huu ni mzigo wangu," akasema. "Niliandikiwa bandarini. Kila aliyekuja kuniona apewe mche wa sabuni, na chumvi, na kiberiti."

Antoni akagawa. Osward alikaa karibu na mlango, anaangalia bidhaa zake zinatoka moja moja mikononi mwa watu wanaomshukuru baba yake. Midomo ilikuwa inamcheza. Nadhani alikuwa anazihesabu. Mimi, Mungu anisamehe, nilifurahi mpaka nikainamisha uso.

Sanduku lilipobaki tupu, mzee akasema nyumba na kibanja ni vya Antoni. Wazee wakanong'ona, kwa kuwa mkubwa yupo, ameketi palepale.

"Mkubwa nimempa sanduku," mzee akasema. "Alipimwa yeye, linamtosha. Mimi mnizike kwa lubugo, ile nguo ya gome la mti, kama alivyozikwa baba yangu. Osward asije akaingia gharama. Na hapa pasichimbwe kaburi lake. Ana kwake."

Osward akapiga magoti, akaita "Baba" mara nyingi, mzee hakugeuka. Wazee wakaandika, mzee akaweka kidole gumba. Furaha yangu iliisha palepale, kwa sababu nilikumbuka Obedi. Kibanja kile kilikuwa kimwendee Obedi wangu.

Sikuruhusiwa kusema barazani, mimi ni mke wa watu. Nilingoja nilipompelekea uji. Nikapiga magoti.

"Baba, na Obedi je?"

Aliupokea uji kwa mikono miwili. Mikono ile niliiosha mimi, kucha zile nilizikata mimi.

"Obedi ana baba," akasema. "Baba yake ni mtu wa akiba. Atamwekea."

Nilimchukia. Nimekuwa nikisikia watu wakisema mzee yule alifanya haki, na hata Kiseke stori hii inasimuliwa kwa vicheko, lakini wanaoicheka hawana mtoto ndani yake. Nikamaliza kumnywesha uji, nikamfuta mdomo.

Wazee wa ukoo hawakutaka sanduku lilale pale, wakasema ni mkosi. Kuliacha njiani Osward hakuweza, alikuwa amelilipia. Bandari ya Bukoba karani akauliza mzigo ni wa nani, na ili lipite bila bei ya maiti mume wangu akasema, "Ni wangu, andika jina langu."

Mzee hakufa haraka kama daktari alivyosema. Alikula kuku wa Antoni mpaka vuli, ndipo simu ya maandishi ikaja. Osward aliisoma, akauliza nauli ya meli, akasema wameshamzika, tukienda tutakuta nini.

Alijaribu kumrudishia Nkwabi sanduku. Nkwabi alisema wateja wakijua limekwenda Bukoba na kurudi hawatalisogelea. Limebaki sebuleni, chini ya dirisha. Naweka humo unga. Kila ninapochota naona mstari wa penseli pale utosi wa mume wangu ulipoishia. Viberiti siku hizi nakaa navyo mimi, kwa sababu baada ya kurudi Osward alianza kusahau, anakaa tu na redio isiyo na betri.

Juzi alikuwa ananisaidia kuchambua mchele wa chenga. Akasita, akaangalia dirishani.

"Mama Obedi. Mimi nikifa mtanipeleka wapi?"

Mhaya asiye na kibanja cha kuzikiwa ni mtu wa kusikitikiwa, hilo nalijua hata mimi Msukuma. Nilimwona alivyozeeka. Kama angeniuliza miaka ile kabla ya bandari ningemjibu vingine.

"Tutaangalia bei," nikamwambia.

Alitikisa kichwa kukubali, akaendelea kutoa mawe kwenye mchele.