Hakimu Apanda Kyarumba

Kesi ya Ketura ilikwama kwa kukosa mafuta ya gari. Shemeji yake, Jonan, alidai sehemu ya shamba la kahawa aliloachiwa na marehemu mumewe, na hakimu alitaka kuuona mpaka kwa macho yake. Lakini kila Ketura aliposhuka kutoka Kyarumba hadi mahakamani Kasese, karani Musitafa alimwambia, "Mama, gari iko, mafuta hakuna. Wilaya haiwezi kutupatia. Sisi tunangoja fungu yetu kutoka Kampala."

Mwaka huo serikali ikatoa fedha za kumaliza kesi za zamani. Musitafa akampigia simu. "Mama Ketura, tunakuja Alhamisi!"

Barabara ya gari ilipoishia, hakimu alivua viatu akapanda kilima kwa miguu, akihema na kucheka, watu wakimfuata nyuma. Ndani ya shamba la kahawa akaona mstari wa miti mikubwa iliyonyooka.

"Nani alipanda hii?" akauliza.

Jonan akajibu, "Mimi na kaka yangu. Baba alipotugawia shamba."

"Na upande huu unaoudai ulikuwa wa nani?"

"Wa kaka."

"Basi ni wa mjane wake."

Jonan aliitikia kwa kichwa, akatia sahihi makubaliano hapo hapo. Ketura akapiga vigelegele, na wanawake wote wakaitikia. Hakimu alikataa ndizi walizomletea, ila hakuwazuia kumsindikiza kwa nyimbo hadi garini, Jonan akiwa amembebea mkoba.