Nafasi Aliyoiacha Wazi Adela

Mwanao akikupa bahasha uipeleke posta, ipeleke posta. Usichungulie. Ninawaandikia wazazi wenzangu mlio huku ughaibuni na watoto wanaoomba vyuo, maana mimi nilichungulia, na leo nyumba yangu hapa Columbia Heights ina vyumba viwili na mtu mmoja.

Jina langu Domina, kwetu Bukoba, niliishia darasa la saba. Kazi yangu ni kumhudumia bibi mmoja mgonjwa kule Herndon, treni moja na mabasi mawili. Mwanangu Adela alisoma vizuri mpaka mwaka wa tisini na sita, baba yake Anatoli alipofariki kule nyumbani Bukoba. Nauli ilikuwa ya mtu mmoja. Adela akasema, "Nenda wewe, mama, ukamzike." Nikaenda, nikakaa wiki sita mpaka tukaanua tanga. Niliporudi nilimkuta amekonda, na mitihani miwili ya kemia ameanguka. Nikamuuliza, akasema, "Yameisha, mama." Nikanyamaza, nikidhani ipo siku atasema.

Mwaka wa tisini na nane akaomba vyuo viwili vya ufamasia: kimoja hapa hapa mjini, basi moja tu kutoka mlangoni petu, kingine Ohio. Fomu ya Ohio aliituma mwenyewe. Hii ya hapa, siku ya mwisho ilimkuta ana mtihani, akaniachia bahasha nitie karatasi ya mshahara wangu kutoka kazini, niifunge, niipeleke.

Nikazipitia zile karatasi. Zote zimejaa, zimepigwa chapa vizuri. Moja tu ilikuwa nyeupe: juu swali, chini mistari mitupu. Mtoto amesahau! Nikashuka nayo kwa Leonard, jirani yetu wa ghorofa ya chini, anayefanya kazi ofisini.

Akasoma, akasema, "Mama Adela, wanauliza kama kuna jambo lililomharibia masomo ambalo angependa walijue. Ila wameandika ni hiari. Asiyetaka anaacha."

"Leonard, wewe ulisoma wapi?"

"Tukuyu."

"Na huko Tukuyu matofali ya kujenga shule yalikuwa ya hiari?"

Akacheka mpaka akashika mlango. "Ya hiari kabisa! Asiyeleta anarudishwa nyumbani, na viboko juu."

"Basi, na hawa nao ni walimu."

"Hata hivyo, mama, mwulize kwanza mwenyewe."

"Yuko kwenye mtihani. Posta inafungwa saa kumi na moja."

Leonard alinionya, nami nikamwona mwoga tu. Nikamtajia maneno, akaniwekea Kiingereza, nikanakili kwa mkono wangu herufi moja moja, maana nilijua neno la mzazi linataka mwandiko wa mzazi. Niliandika kwamba baba yake alikufa na yeye hakumzika. Kwamba alibaki peke yake wiki sita. Kwamba alilia mchana na usiku, hakula, ndiyo maana akaanguka. Nikatia sahihi: mama yake. Nikatoka posta mwepesi kama mtu aliyetoka kuungama. Adela sikumwambia. Nilisema akipata nitamwambia, tucheke.

Machi akapata. Alisoma ile barua amesimama jikoni, akapiga kelele, akanikumbatia mpaka kanga ikanidondoka. Kisha akaona karatasi ndogo iliyobanwa nyuma, imeandikwa kwa kalamu. Akaisoma. Akaisoma tena.

"Mama, uliwaandikia nini?"

Mimi bado nacheka. "Si ile nafasi uliyoisahau?"

"Sikuisahau." Akaiweka karatasi mezani. "Wanasema barua ya mama yangu iliwatoa machozi. Wanamtaka msichana aliyelia wiki sita kisha akainuka."

"Si umepata, mwanangu?"

"Nani amepata? Mimi sikulia, mama."

"Nani asiyelia akifiwa na baba?"

"Hukuwepo! Ulijuaje? Nani alikuambia?"

Ni kweli sikuwepo. Nilikuwa Bukoba, nimezungukwa na wanawake, hata chooni nasindikizwa, na yeye huku hana wa kumkorogea uji. Nikamuuliza taratibu, "Basi ulikuwa unafanya nini, Adela?"

Akavuta kiti. Nikadhani sasa atasema.

"Nani alikuwekea Kiingereza?" akauliza.

"Leonard."

"Kwa hiyo na Leonard anajua." Akaikunja barua, akaingia chumbani kwake.

Baada ya wiki mbili ikaja ya Ohio, barua kavu, ukurasa mmoja, haina neno la mtu. Akasema anakwenda huko. Nikamlilia: chuo kiko hapa, kitanda chako hiki hapa. Nikamwambia nitakwenda mwenyewe kuwaomba waifute barua yangu.

"Watafutaje, mama? Wameshaisoma."

Hakunitukana. Afadhali angenitukana. Agosti akapakia vitu kwenye gari la rafiki yake, akanibusu, akaondoka.

Najua mtasema mtoto ana majivuno, chuo si alipewa. Hata mimi nilisema hivyo mwezi mzima, nikimwambia yule bibi wa Herndon asiyejua hata neno moja la Kiswahili. Lakini mtoto alikuwa na jambo moja aliloliweka liwe lake, nami nikalijaza maneno ya kubuni, nikayatia sahihi. Mwulize mwanao. Akikataa kusema, kaa naye hivyo hivyo amenyamaza. Mimi nilikuwa na miaka miwili ya kukaa naye meza moja, nikaimaliza kwa kuuliza kama ameshiba.

Hunipigia Jumapili baada ya misa. Ananiambia habari za mvua, za maabara, za jirani mwenye paka. Jumapili iliyopita nikajikaza: "Adela, zile wiki sita..."

Nikasikia anavuta pumzi. Kisha akasema, "Mama, kadi ya simu inaisha."

Kadi ile niliinunua mimi, ya dakika mia tatu, ilimfikia Ijumaa.

"Haya mwanangu," nikasema, "vaa sweta." Nikakata mimi kwanza, asije akalazimika kunidanganya tena.