Maji Inayolala Ndani ya Neti

"Leta hiyo chupa!"

"Sileti!"

"Paddy, leta hiyo chupa nimalize hii mambo!"

"Beseni umeshamaliza zote, Mzee. Hii moja imekukosea nini?"

Baba amesimama katikati ya sebule na kopo ya oili chafu, ile nyeusi anayotoa kwa pikipiki za watu hapo gereji yake mbele ya nyumba. Mimi nimekumbatia chupa kubwa ya soda, maji ndani kijani mpaka huoni upande wa pili. Nilikuwa nimetoka kuoga tu. Nakwenda nyuma ya nyumba kuangalia beseni zangu, nakuta zote nyeusi, zinang'aa. Amemwaga oili kwa kila moja. Ikabaki hii chupa kwa dirisha la chumba changu, na mimi ndiye niliwahi kuinyakua.

"Mtoto wa watu amelazwa hospitali ya Masafu na malaria," Baba anasema, anaonyesha Mama Arthur kwa kidole. Huyo ni jirani yetu, alikuja kuazima blanketi ya kupeleka hospitali, akakuta vita. "Mbu inatoka wapi kama si kwa maji yako?"

"Maji yangu ina neti!"

"Si ndiyo hiyo! Mama Arthur, umesikia? Kijana analala bila neti, maji ndiyo inalala ndani ya neti. Kesho ataishonea shuka."

Mama Arthur akacheka, hata na shida zake. Mama yangu kwa mlango wa jikoni akacheka kidogo, halafu akajifanya anakohoa.

Ni kweli, neti ni yangu. Nilifunika beseni nayo ili mbu isitage ndani. Usiku inaniuma mimi. Sawa, ngozi ni yangu.

Sikia sasa. Kuna dada anaitwa Acom, anafanya kazi kwa mradi fulani wa mabwawa kule Mukuju, ukipita Tororo. Wanapanda hii kijani, wao wanaita mwani, sisi tunaita uchafu wa bwawa. Wanaivuna, wanaitoa mafuta, na hiyo mafuta inapikwa tena mpaka ndege inaweza kuruka nayo. Shida yao, jua ikiwaka sana ya kwao inakufa. Yangu nilichota kwa shimo la watu wa matofali, inachomwa na jua mchana kutwa na bado inaongezeka. Acom aliona picha kwa simu, akasema leta kesho asubuhi, lakini iwe hai. Ikishika kwa bwawa letu, akasema, unabaki hapa uichunge.

Tangu nimalize shule, sinia six, hakuna mtu mwingine aliniambia baki.

"Ndege!" Baba anasema. "Wewe hata Entebbe hujafika. Na mafuta si iko hapo ng'ambo ya mpaka, watu wanavusha na baiskeli kila siku? Nani atangoja matope yako?"

"Ndege haijazwi na baiskeli, Mzee."

"Usinijibu!"

"Basi nionyeshe mbu." Nikaweka chupa juu ya meza, lakini shingo yake nimeshika. "Mtoto wa mbu mmoja tu. Ukiona, mwaga."

Baba akainama. Akavaa miwani. Akageuza chupa kwa balbu, huku, kule. Mama Arthur naye akasogea. Kijani tu, na povu kidogo.

"Zimejificha," Baba akasema.

Hapo ndipo nilishikwa na hasira ya kweli. Nikachukua kikombe cheupe, nikatoka na chupa kwapani, maana siiachi na mtu, mpaka kwa rundo la tairi kuukuu za gereji. Ziko hapo tangu nikiwa primari, ati siku moja zitauzwa. Mvua imejaa ndani. Nikachota, nikarudi, nikaweka kikombe mbele ya Mama Arthur.

Vitoto vya mbu vinajipinda humo, vinapanda, vinashuka, kama viko kwa harusi.

Mama Arthur akakisogeza kikombe karibu na macho.

"Hii umetoa wapi?" Mama Arthur akauliza.

"Kwa tairi za Mzee."

Akamwangalia Baba. Akakunja blanketi. "Haya, Baba Paddy," akasema, akatoka. Afadhali angetukana.

Nilisikia raha, sidanganyi. Halafu nikaona vile Baba anavua miwani, anakosa pa kuiweka, na raha ikapungua. Lakini maneno sikurudisha.

"Umeniaibisha mbele ya watu. Ndani ya nyumba yangu."

"Wewe ulianza kunicheka mbele yake."

"Toka! Chukua matope yako, ukalale nayo huko kwa ndege."

"Natoka. Nalala Tororo kwa Nathan, tulisoma naye. Asubuhi nafika Mukuju."

"Kunywa chai kwanza," Mama akasema. Kisha akamgeukia Baba. "Na wewe, hiyo oili imebaki nusu. Tairi zinangoja."

Chai sikunywa. Nikafunga chupa kwa sweta, mdomo wake nje ipate hewa.

"Na wakisema ni maji chafu tu?" Baba akauliza, amenipa mgongo.

"Wataniambia wao. Si wewe."

Nikafungua mlango. Jua ilikuwa inazama, saa yenyewe ya mbu.

"Funga huo mlango!" Baba akapiga kelele nyuma yangu. "Mbu inaingia!"

"Ni zako hizo, Mzee," nikasema, nikaufunga.